Gesi imejaa, feni inazunguka, AC haipoi: kisa cha gari la mwalimu

Mama aliyeniletea gari hili ni mwalimu wa shule ya msingi, amebakiza miaka michache astaafu. Anakaa Tegeta, anafundisha upande wa mjini, na kila siku ya kazi anapita Barabara ya Bagamoyo kwenda na kurudi. Gari lake ni dogo, la Kijapani, injini ya cc 1300, toleo la 2005. Aliingia gereji Jumamosi moja ya Februari, saa nne asubuhi, vioo vyote vinne vimeshushwa na kitambaa cha jasho kiko begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja unijazie gesi."

Nikamwuliza ilijazwa lini mara ya mwisho. Mwezi uliopita. Na kabla ya hapo? Desemba. Na kabla ya hapo? Novemba. Hiyo niliyotakiwa kujaza mimi ingekuwa ya nne ndani ya miezi minne, na kila mara alilipa elfu 50.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu, pamoja na namba zake, kwa sababu magari ya namna hii yanafika kwangu kila wiki na yananiuma. Mtu ameuziwa gesi mara mbili, mara tatu, na katika mara zote hizo hakuna aliyefunga geji zote mbili za kupimia presha akazisoma injini ikiwa inawaka.

Gesi ya AC hailiki kama petroli. Haichomwi, wala haichakai kwa kuzunguka. Gari likitoka kiwandani na gramu 450 na mabomba yake yakabaki mazima, gramu hizo zitazunguka humo miaka na miaka. Kinachopotea ni kile kidogo sana kinachopenya kwenye mabomba ya mpira na kwenye oringi, zile pete za mpira za kwenye maungio. Kwa hiyo gari linalotaka gesi kila mwezi lina tundu, na tundu hutafutwa na kuzibwa kwanza ndipo gesi ikajazwa. Kama halina tundu, basi halikuhitaji gesi. Hakuna jibu la tatu.

Kabla ya kufungua boneti nilimwuliza swali ambalo kwangu lina thamani kuliko geji: "Mama, inapoa wakati gani, na inaacha wakati gani?"

Alijibu kama mtu aliyeliishi jambo lenyewe. "Alfajiri nikitoka nyumbani inapoa vizuri tu. Nikifika Africana, foleni ikianza, hewa inageuka, inakuwa kama ya feni ya kawaida. Nikipata upenyo gari likachanganya, ubaridi unarudi. Nikisimama tena kwenye taa, joto lile lile."

Jibu hilo peke yake lilikuwa limeshafuta nusu ya mambo niliyokuwa nayo kichwani. Gari lenye gesi pungufu halipoi vizuri barabarani wala kwenye foleni. Linaweza kupoa kidogo likitembea, lakini mtu hakwambii "vizuri tu". Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikichoka haifufuki kwa sababu umefika barabara nyeupe. Kinachobadilika kati ya kutembea na kusimama, zaidi ya kitu kingine chochote, ni upepo unaopiga mbele ya gari.

Mbele hapo, nyuma tu ya grili, ndipo kondensa ilipo, ile inayofanana na rejeta nyembamba. Gesi inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto na yenye presha kubwa, inaingia kwenye kondensa, inapigwa na upepo, inapoteza joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenya kwenye valvu ya upanuzi, presha inashuka ghafla, na kinaanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Kuchemka huko ndiko kunakofyonza joto la ndani ya gari. R134a, ndilo jina la gesi yenyewe, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa, ndiyo maana ikikurukia kidoleni inaunguza kama kaa la moto, na ndiyo maana sifungi geji bila miwani na glavu. Kwa hiyo kazi nzima ya AC ni kubeba joto kutoka ndani na kwenda kulitupa mbele ya gari. Gari likitembea, upepo wa barabarani unalipokea joto hilo bure. Likisimama, kazi yote inabebwa na feni.

Kwa hiyo tangu pale benchi nilishaishuku feni. Lakini kushuku si kupima, na kama mtakavyoona, feni ilikuwa inazunguka.

Namba za kwanza

Tulilisukuma gari chini ya mwembe likapoa kwa muda wa saa mbili. Mama akatoa rundo la madaftari kwenye mkoba akaanza kusahihisha. Kivulini kipimajoto kilisoma nyuzi 31. Nikafunga bomba la bluu upande wa presha ndogo na jekundu upande wa presha kubwa, injini ikiwa imezimwa. Geji zote mbili zikasimama kwenye 100 kwa kipimo cha presha cha psi.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na nadhani ndipo gari hili lilipoanzia kuharibiwa. Fundi anaona geji imesimama pazuri, anasema gesi ipo. Au anaiona ndogo siku ya mvua, anasema imepungua. Ukweli ni kwamba AC ikiwa imezimwa na imepoa, maadamu kuna kimiminika ndani, presha inasema joto la siku ile na si zaidi. R134a kwenye nyuzi 31 itasoma karibu psi 100 ukiwa na gramu 300, itasoma hivyo hivyo ukiwa na 450, na itasoma hivyo hivyo ukiwa na 700. Ni kama mtungi wa gesi jikoni: mwali unawaka vile vile mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo, na kujua kilichobaki unaunyanyua, hutazami mwali. Presha ni kitu kimoja, kiasi ni kitu kingine. Kiasi kinajulikana kwa mzani.

Nikawasha injini, AC ikafunguliwa yote, feni ya ndani namba ya mwisho, milango wazi, kipimajoto kimechomekwa kwenye tundu la hewa la katikati. Gari la namna hii, siku ya nyuzi 31 na unyevu wetu wa Pwani, natarajia upande wa chini usome kati ya 30 na 45, upande wa juu kati ya 200 na 250 au zaidi kidogo. Nilichokiona ni hiki: upande wa chini 55, wa juu 330. Dakika moja, 380. Dakika mbili, 430, na sindano bado inapanda. Karibu na 450 kompresa ikakata, tak, klachi yake imeachia. Presha ya juu ikaporomoka, baada ya sekunde kadhaa klachi ikashika tena, sindano ikaanza kupanda upya. Kwenye tundu la hewa kipimajoto kilikuwa kinacheza kati ya 21 na 24.

Kukata huko si ugonjwa. Ni swichi ya presha inayolinda kompresa. Nyingi za Kijapani hukata karibu na psi 450 kwa juu, na kwa chini hukata presha ikishuka kufika karibu 28, ili kompresa isizunguke kavu gesi ikiwa imevuja. Swichi hiyo ilikuwa imeliokoa gari la mwalimu mara nyingi sana tangu Novemba. Nimewahi kuona magari ambayo swichi imerukwa kwa kipande cha waya "ili isikate kate". Yaliyofuata huko ni kompresa kuuawa, na chembe za chuma kusambaa mfumo mzima.

Ndoo ya maji

Presha kubwa juu, kompresa inasukuma kwa nguvu, joto halitoki. Nilimwomba kijana wangu alete ndoo ya maji, akawa anayarusha kwa kiganja kwenye kondensa kupitia grili, mimi nimekodolea macho geji nyekundu. Haikuchukua sekunde kumi. Kutoka 400 ikashuka 340, 290, ikatulia kwenye 260. Upande wa chini ukafika 42. Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa: baridi. Kipimajoto kikateremka hadi 13. Tulipoacha kumwagia na maji yakakauka, ndani ya dakika mbili tukawa tumerudi kule kule kwenye 400.

Naipenda ndoo hii kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Kwa maji yale tu nilijua kwamba kompresa inasukuma, valvu ya upanuzi inapitisha, evaporeta inapokea, na hakuna mlango wa hewa moto uliokwama nyuma ya dashibodi. Kila kitu kuanzia kompresa hadi ndani ya gari kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni upepo wa kupoza pale mbele.

Mama alikuwa ameacha kusahihisha, anatazama. "Na yule fundi wa kwetu naye alikuwa anamwagia maji hivyo hivyo," akasema. "Kila alipojaza. Alisema yanasaidia gesi iingie."

Ni kweli, yanasaidia. Na hapo nikaelewa kwa nini alidanganyika mara tatu pamoja na mteja wake. Akimwaga maji, presha ya juu inashuka, hewa inakuwa baridi papo hapo, wote wawili wanaweka mikono kwenye tundu la hewa na kufurahi. Mama anaondoka jioni jua limezama, barabara imefunguka, gari linapoa hadi nyumbani. Wote wanaamini ni gesi iliyotibu. Jumatatu asubuhi, Africana, joto.

Gazeti

Kijana wangu alishachungulia mbele. "Kaka, feni zote mbili zinafanya kazi."

Zilikuwa zinafanya kazi, kwa maana kwamba zilikuwa zinazunguka. Gari hili lina feni mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu nyuma ya rejeta, moja ya rejeta na nyingine inayowaka AC ikiwashwa. Zote zilikuwa zinavuma, hakuna iliyokuwa inakwaruza, na mwendo haukuwa wa kusuasua. Fundi wa mtaani naye bila shaka alichungulia, akaziona, akaridhika.

Nikachukua karatasi moja ya gazeti la jana yake, nikaishika juu kwa vidole viwili, nikaiteremsha mbele ya grili upande wa feni ya rejeta. Ikavutwa ikang'ang'ania grili, hata nilipoiachia haikuanguka. Ndivyo inavyotakiwa: feni iwe nyuma ya rejeta inavuta, au iwe mbele ya kondensa inasukuma, hewa siku zote inatoka mbele ya gari kwenda kwenye injini. Nikaisogeza upande wa feni ya AC. Karatasi ikanikimbia. Ikapepea kuja kifuani kwangu kama bendera. Nikaitupa, nikaweka kiganja. Upepo uliokuwa unatoka kwenye grili kuja mkononi ulikuwa wa moto, ule wa mtu aliyeinamia jiko la mkaa.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Ukilifikiria jambo hili kwa utulivu, kila alichosema mama kinakaa mahali pake. Feni ile ilikuwa inachukua hewa ya moto kutoka kwenye injini, inaipitisha kwenye rejeta, halafu inaitemea kwenye kondensa kutokea nyuma, na jirani yake anaivuta tena ndani. Hewa ile ile inazunguka pale mbele na kuzidi kuwa ya moto. Gari likitembea, upepo wa barabarani unaizidi nguvu hiyo feni, kwa sababu mapanga yake yamekunjwa kwa ajili ya kuvuta upande mmoja, na yakizungushwa kinyume yanasukuma hewa kidogo tu. Ndiyo maana barabarani palikuwa na ubaridi. Na mshale wa joto la injini haukuwahi kupita katikati, kwa sababu feni ya rejeta ilikuwa sahihi na ilitosha kuilinda injini. Kama mshale ungepanda, mtu angeshatafuta sababu tangu Oktoba.

Nimesema Oktoba kwa sababu mama alikuwa na ushahidi wa maandishi. Nilipomwuliza kama feni imewahi kuguswa alifungua daftari dogo la mistari lenye jalada jekundu, la gharama za gari, limeandikwa kwa mwandiko ule wa ubaoni, kila mstari na tarehe yake. Petroli, matairi, bima. Tukateremka pamoja na kidole: 14 Oktoba, mota ya feni, used, pamoja na ufundi. 2 Novemba, gesi ya AC. 7 Desemba, gesi ya AC. 11 Januari, gesi ya AC. Mota ya zamani ilikuwa inapiga kelele, akabadilishiwa. Wiki tatu baadaye AC ikaanza kumsumbua, na hakuna mtu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu moja aliliita tatizo la feni na la pili aliliita tatizo la gesi.

Tulivua kava, tukafuata waya. Soketi ya asili ilikuwa imekatwa, nyaya zimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi. Mweusi umeungwa na mweusi, wa bluu na wa bluu. Kwa macho ni kazi safi. Lakini mota ilitoka kwenye gari la kampuni nyingine, na rangi za nyaya hazina sheria moja duniani. Mweusi wa gari hili ni chanya, mweusi wa lile ni hasi. Mota ya namna hii inayotumia umeme wa betri ukiibadilishia chanya na hasi haiungui wala haikati fyuzi. Inazunguka vizuri kabisa, ila upande mwingine. Hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi kukwambia.

Tukabadilisha nyaya, tukachomelea kwa risasi badala ya kusokota, tukavisha mpira wa kubana. Gazeti likarudishwa. Safari hii likanata pande zote mbili.

Nusu ya pili ya ugonjwa

Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Mimi nilitaka kujua gesi iliyoongezwa mara tatu imefanya nini, kwa hiyo nikawasha tena na kupima kabla ya kugusa kitu kingine. Upande wa juu ukatulia kwenye 300, haukupanda tena hadi kukata. Upande wa chini 50. Kwenye tundu la hewa nyuzi 15. Kwa mama lilikuwa jambo kubwa, alishaanza kufunga madaftari. Lakini 300 kwa gari lililosimama na feni mbili zinazovuta sawasawa ni nyingi. Feni ilikuwa imetibiwa, na bado palikuwa na kitu.

Kibandiko chini ya boneti kilikuwa bado kinasomeka: R134a, gramu 450, kuzidi au kupungua 30. Nikafunga mashine ya kunyonyea gesi, ile inayoivuta kwenye mtungi wake na kuipima. Ilipomaliza, mzani ulisoma gramu 690.

Toa 450, unabaki na 240. Gawa kwa mara tatu, ni gramu 80 kila alipojaziwa. Hesabu inakubali bila kulazimishwa, na maana yake ni kwamba gari hili halikuwa limepoteza gesi, au kama lilipoteza basi ni kidogo isiyofaa kuitwa kuvuja. Elfu 150 ilikuwa imenunua madhara. Gesi ikizidi, kimiminika kinajaa kwenye kondensa na kula nafasi ambayo gesi ya moto ingepozwa. Kondensa kubwa inakuwa kama imekatwa nusu. Feni ilikuwa inainyima upepo, gesi ikainyima nafasi, na kila tiba iliyoletwa ikaongeza ugonjwa uliokuwepo.

Neno moja kuhusu kuinyonya badala ya kuiachia hewani. R134a ilikuja kuchukua nafasi ya R12, iliyokuwa inaharibu tabaka la ozoni na ikaanza kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R134a haigusi ozoni, lakini inapasha joto dunia: kwa kipindi cha miaka mia moja, kilo moja yake ina nguvu ya takriban kilo 1430 za kaboni dioksidi. Gramu zile 690, kama ningefungua valvu zikalia "pssss" pale uwanjani, ni sawa na karibu tani nzima ya kaboni dioksidi, kutoka kwenye gari dogo la mwalimu. Nchi za dunia zilipokubaliana Oktoba 2016 kupunguza gesi za jamii hii zilikutania hapa jirani, Kigali, na makubaliano yakachukua jina la mji huo. Natamani kila gereji inayojiita ya AC iwe na mashine hii, au angalau mafundi watatu wanne wa mtaa mmoja wachangiane moja.

Mama aliniuliza kama ni kweli gesi ya kupikia inafaa, maana kuna mtu alimwambia ni rahisi na inapoa zaidi. Nilimjibu bila kupepesa: usikubali. Ni kweli inapoza. Lakini evaporeta iko ndani, karibu na magoti yako, na siku ikitoboka gesi ile inajaa kabini umefunga vioo, na cheche moja inatosha. Mfumo wa gari hilo haukutengenezwa kwa gesi inayowaka. Pia gari likishawekewa gesi hiyo, fundi anayefuata akiivuta kwenye mashine yake anachafua mtungi mzima, na anaweza kuumia bila kujua alichoshika.

Kwa sababu hatukufungua bomba lolote, sikubadilisha draya, ile chupa inayonyonya unyevu. Nilijaza naitrojeni hadi psi 150, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye valvu mbili za kujazia, zile zenye ulimi kama wa tairi. Hakuna kilichotoa povu, na baada ya saa nzima sindano ilikuwa pale pale. Kisha nikafunga pampu ya vakyumu dakika 40. Kazi ya vakyumu ni kukausha: presha ikishuka sana, unyevu uliomo unachemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka kama mvuke. Mafuta ya kompresa ya R134a yananyonya unyevu kama chumvi, na unyevu ukibaki unazaa tindikali na kuganda kwenye valvu ya upanuzi. Kwa wenzangu wa bara: hapa Dar, usawa wa bahari, sindano ya vakyumu inafika karibu na inchi 30 za zebaki. Arusha, kwenye mita 1400 hivi, itaishia karibu na 25, na Nairobi chini kidogo ya hapo. Msiinyooshee pampu kidole. Hewa yenyewe ya huko ndiyo nyepesi.

Mashine ilikuwa imetoa mafuta mililita 20 pamoja na gesi. Nikarudisha 20 mapya, aina ya PAG 46, kisha gramu 450 kwa mzani, bila kuongeza hata tano "za bahati".

Saa tisa na nusu alasiri, nyuzi 32, gari limesimama juani kwa makusudi: upande wa chini 33, wa juu 215, tundu la hewa nyuzi 8 injini ikiwa kwenye mizunguko 1500. Nikaiacha silensa, bila kukanyaga mafuta, robo saa, maana foleni ndiyo iliyomleta mama. Ikapanda hadi 11 ikakaa hapo. Kompresa haikukata hata mara moja kwa presha.

Mkisoma kisa hiki msije mkadhani kila gari linaloacha kupoa lina feni iliyogeuzwa. Geji zote mbili zikiwa chini, nenda katafute tundu. Ya chini ikizama kuelekea sifuri au chini yake ilhali ndani hakuna baridi, fikiria valvu ya upanuzi iliyoziba. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, zinakaribiana na haziachani hata ukikanyaga mafuta, kompresa imechoka. Na geji zikiwa safi kabisa lakini hewa ni ya moto, acha gesi, fungua kichujio cha kabini, halafu ufuatilie mlango wa hewa moto na baridi. Yote hayo yanataka geji mbili na injini inayowaka. Atakayesogea na kopo la gesi lenye kijibomba kimoja hawezi kuyatofautisha, hata awe na mkono mzuri vipi.

Kabla hajaondoka nilibandika karatasi chini ya boneti, pembeni ya kibandiko cha kiwanda: tarehe, R134a, gramu 450, mafuta PAG 46, nyaya za feni ya AC zimegeuzwa. Mama akayanakili yote kwenye daftari jekundu.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ikaita. Nilipoona namba yake moyo ulinipiga.

"Baba, niko Mwenge kwenye foleni. Ubaridi upo, namshukuru Mungu. Lakini nimesimama hapa, kijana wa karanga ananionyesha chini, gari linavuja maji. Linadondosha upande wa kushoto, tena si kidogo."

Nikamwuliza yana rangi? Yanateleza? Akamwomba yule kijana ayaguse. Nikamsikia anajibu: "Maji tu mama, ya baridi."

Ni unyevu wa hewa ya Dar, unaogeuka matone kwenye evaporeta na kushuka kwa bomba lake dogo. Nilimwuliza kama tangu Novemba amewahi kuyaona akiwa kwenye foleni. Akakaa kimya kidogo, akasema hapana, hajawahi.